Stima Imerudi, Nani Aamshe Mashine?

Tarehe 7 Juni 2016, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mzigo wake ukazielemea mashine nyingine za kituo, nazo zikajitoa. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo mmoja, na Kenya nzima ikabaki bila stima. Kampuni ya umeme ya KenGen ilitoa taarifa siku hiyohiyo, na ndani yake mlikuwa na habari njema moja: tumbili alikuwa hai.

Mimi nilikuwa Karatina, ghorofani katika saiba moja isiyo mbali na soko. Stima iliporudi mchana, kompyuta ziliwaka moja baada ya nyingine na wateja wakashangilia kana kwamba Harambee Stars wamefunga bao. Kilichokataa kuamka ni kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiona: programu ndogo ya kuhesabu dakika, iliyokuwa ikifanya kazi kichinichini katika mashine ya kaunta. Kijana wa zamu hakujua kwamba imelala mpaka mteja wa tatu alipoinuka kulipa na skrini ikasema deni lake ni sufuri. Kijana alicheka. Mwenye saiba hakucheka.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi, kwa sababu nyuma yake kuna historia ndefu kuliko saiba zote za Karatina. Programu inayoonekana, mwenyewe huiona ikifa na kuifungua tena. Isiyoonekana ikifa, hufa kimya, na watu huja kujua kupitia hasara.

Wa kwanza kuipa jina programu ya namna hiyo walikuwa watu wa kundi la Fernando Corbató katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963. Walikuwa na kompyuta kubwa ya IBM 7094 iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakaandika programu iliyokaa pembeni ikinakili mafaili kwenye tepu bila kuamriwa na mtu. Wakaiita dimoni. Jina hilo walilitoa kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe kisichoonekana kinachosimama mlangoni kikichambua molekuli za kasi na za polepole bila kuchoka. Mswahili wa pwani angelielewa jina hilo upesi kuliko sisi wa bara: ni jini la kufugwa, halionekani, lina kazi yake moja, na likikosa matunzo linakuaibisha mbele za watu.

Lakini jini la MIT likifa halikuwa na wa kulifufua isipokuwa binadamu. Ufufuo wa kujiendesha ulikuja na Unix, mfumo endeshi uliotengenezwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, na ulikuja kwa njia ya pembeni kabisa. Katika Unix ya miaka ya 1970 kulikuwa na programu iliyoitwa init, ya kwanza kuamka na ya mwisho kulala. Kwa kila waya uliokwenda kwenye mashine ya mtumiaji, init iliweka programu ndogo ya kumngoja mtu aandike jina lake. Mtu akiingia, akafanya kazi yake na kuondoka, programu ile ilikwisha, na init ikaweka nyingine mahali pake. Nenda stendi ya Nyeri asubuhi utaona jambo hilohilo: matatu ya Karatina ikijaa inaondoka, na kabla vumbi halijatulia nyingine imeingia kwenye nafasi yake. Hakuna aliyeharibikiwa. Nafasi ndiyo isiyotakiwa kubaki wazi.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda katika historia hii. Kuwasha upya hakukuanza kama dawa ya ugonjwa. Kulianza kama utaratibu wa foleni, halafu watu wakagundua kwamba utaratibu huo haujali kama matatu imeondoka imejaa au imepinduka.

Matoleo ya baadaye ya Unix, hasa System V ya mwaka 1983, yaliweka utaratibu huo katika faili moja ambamo msimamizi wa mitambo aliandika programu zisizoruhusiwa kubaki zimekufa. Mapema sana ikajulikana hatari yake. Programu iliyoharibika tangu mwanzo hufa mara tu inapozaliwa. Ukiizaa tena bila kupumzika, mashine nzima hutumia nguvu zake zote kuzaa na kuzika. Kwa hiyo init iliyokuja kutumiwa katika Linux, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, iliwekewa kipimo: programu ikizaliwa zaidi ya mara 10 ndani ya dakika 2, inaachwa ikae dakika 5 bila kuguswa. Ukisoma vizuri sheria hiyo utaona ni ya mtu aliyewahi kuungua.

Lugha ya Unix ni lugha ya ukoo. Programu inayoizaa nyingine huitwa mzazi, na iliyozaliwa ni mtoto. Mtoto akifa, kiini cha mfumo humpelekea mzazi habari ya msiba papo hapo, pamoja na sababu: alimaliza kazi yake salama, au aliuawa. Mzazi asipoipokea habari hiyo, mtoto hubaki kwenye daftari kama mzuka, amekufa lakini hajazikwa. Na mzazi akitangulia kufa, mtoto huwa yatima na kulelewa na init, babu wa wote, mwenye nambari 1.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi waandishi wa programu walizifanya dimoni zao mayatima kwa makusudi. Walitaka zijitenge na skrini ya aliyeziwasha, ili akiondoka zisiondoke naye. Matokeo yake, dimoni ilipokufa habari ilimfikia babu, ambaye hakuwa na maagizo yoyote kuihusu. Akaizika kimya, basi. Wasimamizi wakatafuta njia ya mkato. Kila dimoni iliandika nambari yake katika faili dogo, na programu nyingine ikaja kila baada ya dakika kadhaa kuangalia kama mwenye nambari hiyo bado yu hai. Lakini nambari hizo hurudiwa. Dimoni nambari 812 inakufa, programu nyingine inapewa 812, mkaguzi anapita, anaiona 812 inapumua, anakwenda zake. Ni sawa na kumjulia hali jirani kwa kupiga laini yake ya zamani: simu inapokewa, unasema mzima huyo, kumbe laini iliuzwa kwa mtu wa Kisumu.

Aliyeukata mzizi wa tatizo hilo alikuwa mtu mkali wa maneno, Daniel Bernstein, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ameandika qmail, programu ya kusafirisha barua pepe, na pamoja nayo akatoa mkusanyiko mdogo wa vifaa alioita daemontools. Wazo lake lilikuwa la kizamani kuliko lile alilolipinga. Dimoni isijifanye yatima. Kila moja iwe na nyapara wake, ambaye ndiye mzazi wake. Nyapara hana kazi nyingine ila kukaa hapo, kupokea habari ya msiba moja kwa moja kutoka kwa kiini, na kuzaa tena, akiwa na subira ya sekunde moja ili asizae kama mwendawazimu. Hakuna nambari ya kuandika kwenye faili, hakuna mkaguzi wa kupita.

Nimetumia neno nyapara kwa sababu watu wa Nyeri wanalijua kwa uchungu. Katika mashamba ya walowezi huku Mlima Kenya, nyapara ndiye aliyesimama juu ya vibarua. Nyapara wa Bernstein ni wa tabia nyingine: hapigi, hahoji, hakumbuki. Mtoto amekufa mara elfu? Anamzaa mara elfu na moja.

Miaka hiyo hiyo wazo lilikuwa likichipuka kila mahali. Mwaka 1999 kampuni ya Wapit ya Finland ilianzisha Kannel, programu huria ya kupitisha SMS kati ya mitambo ya simu na kompyuta za watoa huduma, ambayo kwa kuwa ni ya bure ilipata watumiaji wengi Afrika. Ndani yake kuna chaguo linaloitwa parachuti: ukiiwasha nayo, Kannel hujizalia mlinzi atakayeifungua tena ikianguka. Waliochagua jina hilo walikuwa wakweli. Parachuti haikuzuii kuanguka.

Nchini Uswidi wahandisi wa Ericsson walikuwa wamelifikiria jambo hilo kabla ya hapo na kwa kina zaidi. Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza mwaka 1986 kutengeneza lugha ya programu kwa ajili ya mitambo ya simu, Erlang, yenye jina la mwanahisabati wa Denmark aliyepiga hesabu za msongamano wa simu. Mtambo wa simu hauruhusiwi kuzimwa ili urekebishwe. Watu wamo ndani wanazungumza. Kwa hiyo katika Erlang kila mazungumzo ni kijiprogramu chake, na juu ya vijiprogramu kuna wasimamizi, na juu ya wasimamizi wasimamizi wengine, kama mti wa ukoo uliogeuzwa. Mwandishi hashauriwi kujaza programu yake tahadhari za kila aina ya balaa. Kikiharibika kijiprogramu, kiachwe kife upesi, na msimamizi akianzishe upya kikiwa safi. Ikishindikana mara kadhaa, msimamizi naye ajiue, na mkubwa wake aanze tawi zima upya. Ushauri huo huwashtua wengi wanapousikia mara ya kwanza. Hata mimi ulinishtua, hadi nilipojifunza kwamba WhatsApp imejengwa juu ya Erlang, na kwamba Januari 2012 wahandisi wake walitangaza seva moja yao imebeba miunganisho milioni 2 kwa wakati mmoja. Chama cha akina mama wa Mukurwe-ini kinapotumiana picha za risiti usiku, pengine kuna kijiprogramu kinakufa na kuzaliwa katikati ya picha mbili, na mweka hazina hana habari.

Mwaka 2010, tarehe 30 Aprili, Lennart Poettering wa Ujerumani alichapisha andiko refu akipendekeza babu mwenye nambari 1 abadilishwe. Mfumo wake, systemd, ulichukua kazi ya init na ya nyapara wa Bernstein ukaziweka mikononi mwa mmoja. Ulizua ugomvi mrefu miongoni mwa watu wa Linux, nami sitauingia, walioshinda walishinda. Watu wa Debian na Ubuntu, matoleo mawili ya Linux, waliutoa ukiwa chaguo la kawaida Aprili 2015. Tangu hapo, kuifufua dimoni ni mstari mmoja katika faili fupi, na usipobadilisha kitu, mfumo utajaribu mara 5 ndani ya sekunde 10, kisha utanyoosha mikono.

Mwezi huohuo wa Aprili 2015, seva za M-Pesa zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Kwa miaka minane pesa za muuza viazi wa Karatina zilikuwa zimesafiri Ulaya na kurudi kabla hajakunja noti iliyobaki. Na Juni ya mwaka huo, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa Nyeri, kiliandaa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa. Mambo haya matatu hayakupangwa pamoja na mtu yeyote, lakini kwa mkazi wa mlimani yanasimulia jambo moja: mashine zilikuwa zinasogea karibu na nyumbani, na nyumbani ndiko stima hupotea.

Tayari Februari 2013 mradi wa Mawingu ulikuwa umezinduliwa karibu na Nanyuki, ukiwashirikisha Microsoft, Indigo Telecom na serikali. Ulipeleka intaneti kwa masafa ya televisheni yasiyotumika hadi mahali kama Shule ya Sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret. Minara yake ilitumia nguvu za jua. Sijui kama waliochagua jina walifikiria kwamba mnara wa sola ungeitwa Mawingu, katika mji ambao mlima hujifunika wingu mchana kutwa. Aprili, mvua za masika zikiingia, utani huo si utani tena. Betri ikiisha usiku, mnara unalala. Jua likichomoza, stima inarudi, na hapo swali la saiba ya Karatina linarudi nalo. Redio ikiwaka lakini programu yake isiwake, mtu lazima apande bodaboda, kisha mlima, kwenda kubonyeza kidude.

Juu zaidi kuna kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, kilichoanzishwa mwaka 1999 chini ya Idara ya Hali ya Hewa na mpango wa dunia wa kuchunguza angahewa. Kinapima gesi kama ozoni, kwenye mwinuko ambao mtu wa kawaida akitembea haraka anasikia moyo kooni. Huko hakuna kijana wa zamu wa kugutuka deni likiwa sufuri.

Kwa mashine za upweke wa namna hiyo, nyapara wa ndani hatoshi, kwa sababu kuna kifo ambacho hata yeye hufa nacho: kompyuta nzima kuganda, babu nambari 1 akiwemo. Hapo ndipo mbwa anapoingia. Wahandisi humwita mbwa mlinzi, na tofauti yake na mbwa wa geti lenye maandishi Mbwa Kali ni kwamba huyu huumwa na njaa kwa saa. Ni kipima muda kilichomo ndani ya chipu, nje ya uwezo wa programu. Kinahesabu kurudi nyuma, na kila baada ya muda mfupi programu lazima ikirudishe mwanzo. Isipokirudisha, kinaiwasha mashine upya kwa nguvu bila kumwuliza mtu. Waliosoma shule za bweni wanamkumbuka soja aliyegonga kipande cha reli kila saa usiku. Mlio ule ulimwambia mwalimu mkuu kitandani kwamba soja yu macho. Kilichomwamsha mwalimu kilikuwa kimya.

Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zinazotoshea kiganjani, zinaye mbwa wa namna hiyo ndani ya chipu zake. Kwa kawaida huvumilia sekunde kama 15. Kompyuta hizo ndizo mtafiti Ciira wa Maina na wenzake wa Chuo cha Dedan Kimathi walizoziweka katika hifadhi ya wanyama ya chuo, kwanza kurekodi sauti za ndege, baadaye kupiga picha za wanyama wanaopita. Watafiti haohao waliweka vipima maji kwenye mto Muringato, vinavyotuma kimo cha mto kwa redio ya nguvu ndogo. Rekodi za ndege za hifadhi ile zilichapishwa mwaka 2016, mwaka wa tumbili. Ukifikiria kazi hiyo utaona kwa nini ufufuo una thamani ya pekee huku: ndege aliyelia alfajiri wakati programu imekufa hatalia tena kwa ajili yako, na mto uliofurika usiku hauwezi kuombwa ufurike upya.

Lakini nyapara asiyekumbuka ana ubaya wake. Julai 1997 chombo cha Pathfinder kilitua Mars, na siku chache baadaye kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Mbwa mlinzi wake alikuwa akifanya kazi barabara.  Hata hivyo kila ufufuo ulipoteza kazi iliyosalia ya siku. Wahandisi wake walikaa na pacha wa chombo hicho duniani hadi wakailazimisha hitilafu ijirudie: kazi ya daraja la chini ilikuwa imeshika ufunguo uliohitajiwa na kazi ya daraja la juu, na kazi ya kati ikawa inaizuia ya chini kuuachilia. Wakatuma marekebisho hadi Mars. Waliweza kwa sababu kumbukumbu za matukio zilikuwepo. Nimewaona mafundi wanaojivunia seva isiyozimika mwaka mzima, ukifungua kumbukumbu zake unakuta dimoni moja imekufa kila usiku saa nane, na hakuna aliyewahi kuuliza saa nane kuna nini.

Kuna pia ubaya wa kufufuka wote pamoja. Stima ikirudi mji mzima, kila friji, kila pasi iliyosahaulika na kila seva huvuta kwa dakika ileile. Ndiyo maana programu zilizoandikwa vizuri hungoja kidogo kabla ya kujaribu tena, kisha zaidi, kisha zaidi, na kila moja huchagua muda wake kwa bahati nasibu ili zisigongane mlangoni. Gridi yenyewe hufufuliwa kwa tahadhari hiyo. Nchi ikizimika yote, vituo vingi vya umeme haviwezi kuanza bila umeme wa kuviamsha. Mabwawa ndiyo yenye uwezo wa kuanza karibu kutoka sufuri, kwa kufungulia maji. Kisha laini hurudishwa kipande kwa kipande. Watu wa Nyeri walioona majirani wa ng'ambo ya barabara wakipata stima kabla yao siku ile ya tumbili walilalamika kuhusu upendeleo. Walikuwa wakitazama foleni.

Kwa hiyo ukiuliza nani anamlinda nani, unapanda ngazi. Programu ina nyapara, nyapara ana babu nambari 1, babu ana mbwa ndani ya chipu, mbwa anakula stima, na sehemu ya stima inatoka Gitaru, katika msururu wa mabwawa ya Tana. Maji ya Tana yanatoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Muringato, ule mto wenye kipima maji cha chuo, unaingia Chania, Chania inateremka Sagana, na Sagana ndiyo Tana ikiwa bado kijana. Kipima maji pale Nyeri hutuma kimo cha mto, hulala kuokoa betri, huamka tena. Maji kiliyoyapima yanaendelea kushuka kuelekea Gitaru, ambako paa bado liko palepale, na tumbili bado ni wengi.